Nukta Baada ya "Nimekosa"

Dada yangu mkubwa anapiga chapa kwenye baraza ya mahakama, na mimi nashona viatu hatua nne kutoka meza yake. Tumekaa hivyo mwaka wa ishirini na moja sasa. Wenye kesi humpitia yeye kwanza awaandikie hati ya kiapo, kisha hunipitia mimi, kwa sababu mtu akishaingiwa na hofu ya hakimu ndipo anapokumbuka kwamba soli yake imeachia. Yeye huwasoma watu kwa maneno yao. Mimi huanzia chini, na mara nyingi sijaona haja ya kupita goti ili nijue mtu ni wa namna gani.

Jina lake la ubatizo analitumia paroko peke yake, na hata yeye hulikosea. Baraza nzima inamwita Mama Nukta. Jina hilo amelifanyia kazi. Mashine yake ni ya chuma, imewazidi umri mahakimu wote waliopita pale, na kitufe chake cha nukta kina makali kiasi cha kutoboa karatasi. Ukiinua hati aliyoandika ukaielekeza kwenye jua, unaona vitundu vidogo vimejipanga mstari kwa mstari. Vijana wa duka la fotokopi ng'ambo ya barabara wana kompyuta tatu na feni, nao humcheka. Lakini wao huandika chochote watakachoambiwa. Dada haandiki.

Hapo ndipo ugomvi wake na wateja unapoanzia. Kabla ya kuingiza karatasi hupiga ishara ya msalaba, upesi, kama mtu anayefukuza nzi, kisha humkazia mteja macho juu ya miwani.

"Hiki ni kiapo. Unajua unaapa mbele ya nani?"

"Mbele ya hakimu, mama."

"Mbele ya Mungu. Mungu ana subira, mimi sina. Haya, sema."

Mteja akianza kutia chumvi, vidole vya dada huinuka kutoka kwenye mashine na kubaki hewani. Havishuki mpaka chumvi ipungue. Siku moja alikuja bwana mmoja mnene kuapa kwamba amepoteza hati ya kiwanja chake, naye dada akamsikiliza hadi mwisho, halafu akamwomba achukue kwanza ile karatasi iliyochomoza kwenye mfuko wa shati lake amsomee imeandikwa nini. Bwana yule alivuka barabara hadi kwa wenye feni. Wateja wa namna hiyo tumepoteza wengi, na mimi huwa nawasikitikia kwa sababu viatu vyao huwa vizuri.

Baba yetu alikuwa mlinzi wa mahakama hiyohiyo. Alirudi nyumbani jioni akiwa na habari za watu, si za kesi. "Leo kuna mtu kafungwa," angesema akivua buti, "na hakufungwa kwa wizi, kafungwa kwa kutojua kusema." Dada alikuwa binti wa miaka kumi na tano, anasoma upigaji chapa kwa masista, na moyoni alikwishaamua kuwa wakili. Baba alifariki kabla dada hajamaliza masomo, akaachiwa mama mgonjwa na mimi, mtoto mwenye mdomo mrefu na njaa isiyokwisha. Basi akachukua meza. "Nilitaka uwakili nikapata baraza," husema, wala hasemi kwa uchungu. Jumamosi, baada ya Misa, hukaa kwenye chumba kilicho nyuma ya sakristia, yeye akiwa katibu wa Kamati ya Haki na Amani ya parokia, katikati ya vyombo vya maua na ngamia mmoja wa plasta wa pango la Krismasi, asiye na sikio, akiwasikiliza watu wasiojua kusema.

Mmoja wao alikuwa Bibi Sabuni.

Huyu ndiye anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Ana miaka sabini na kitu, na amekuwa na sabini na kitu tangu nimfahamu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepanga chumba kimoja cha uani, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mtu wa watu. Mzee alipofariki nyumba ikaangukia kwa mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mrithi, naye hakukasirika maana alilichukulia kama cheo. Mrithi alitaka vyumba vya uani aviunge viwe stoo. Wapangaji wengine wawili wakahama. Bibi, ambaye hakuwa na deni la mtu, akamjibu kama dada alivyomfundisha: atatoka siku mahakama itakapomwandikia atoke. Mrithi hakwenda mahakamani. Alikwenda dukani kununua kufuli.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Bibi alitoka kubadilisha maua kanisani, akarudi akakuta mlango wake umepigwa kufuli la shaba, kubwa kama ngumi. Ndani kulikuwa na kitanda chake, pasi yake, picha ya marehemu mumewe, na beseni la vitambaa vya altare vilivyolala kwenye maji ya wanga tangu asubuhi. Vitambaa vya wanga ukivisahau majini vinachacha, na Misa ya kwanza ya Jumapili ni saa kumi na mbili na nusu. Akanijia barazani anatweta. Mahakama ilikuwa imefungwa, lakini viatu havina Jumamosi.

"Mwanangu, niazime nyundo."

"Ya nini tena, Bibi?"

"Kuna mlango unanikatalia."

Nikampa nyundo yangu ya kugongea soli, ile yenye mpini niliouzungushia ngozi. Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kutulia, nikamtania: "Ya kwanza piga kwa jina la Baba, ya pili kwa jina la Mwana."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu haitahitajika. Roho atakuwa ameshafungua."

Bibi alicheka hadi akashika kiuno. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu baadaye nilitakiwa kukisimulia mbele ya hakimu.

Kufuli lilikatika kwa pigo la tatu. Vitambaa vikapigwa pasi, Misa ikasomwa juu ya altare nyeupe, na Jumapili mchana askari wakaja kumchukua Bibi Sabuni pamoja na nyundo. Mrithi alikuwa amelalamika kwamba ameharibiwa mali. Kabla jua halijazama alikuwa amefunga kufuli jingine, kubwa zaidi.

Sasa nifike mahali nisipopapenda. Jumatatu asubuhi, kabla ya kesi, askari mmoja alinijia barazani akatoa nyundo kwenye mfuko. "Hii ya nani? Bibi anasema haimpasi kusema." Niliiona ngozi niliyoizungusha kwa mkono wangu mwenyewe, uzi mwekundu, mafundo mawili. Nikasema, "Nyundo zote zinafanana, afande." Akaondoka nayo. Nikaokota jiwe, nikalifunga kitambaa, nikaendelea kugonga soli kana kwamba mababu zangu wote waligonga kwa mawe.

Ndiyo maana sikuingia ndani kesi yake ilipoitwa. Niliyoyajua niliambiwa na Karani Besi, yule karani wa mahakama anayeimba sauti ya nne kwenye kwaya yetu. Hakimu ni mwanamke kijana, mkali wa kazi, ambaye kisigino chake cha kushoto nimekigonga mara tatu maana hutembea kama mtu aliyechelewa. Siku hiyo alikuwa na kesi thelathini. Bibi akasimamishwa kizimbani, akasomewa shtaka: kwamba kwa makusudi na bila haki aliharibu mali, yaani kufuli moja la shaba. Akaulizwa, "Umesikia? Unasemaje, ni kosa au si kosa?"

Bibi Sabuni amekwenda Misa kila asubuhi kwa miaka hamsini. Amesimama mbele ya mtu aliyevaa joho. Watu wote kimya. Ameulizwa habari za kosa lake. Mwili ukatangulia akili: aliinamisha kichwa, akakunja ngumi, akajipiga kifua. "Nimekosa mimi," akasema. "Nimekosa mimi." Kufikia hapo nusu ya waliokaa kwenye mabenchi walikuwa wameshainamisha vichwa, na mwendesha mashtaka mwenyewe, Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, alikuwa na mkono kifuani. "Nimekosa sana."

Mtu akacheka nyuma, kicheko kikazagaa. Hakimu akagonga meza. Karani Besi akaandika: *Mshtakiwa anasema: Nimekosa.* Akaweka nukta. Kesi ikaahirishwa hadi Alhamisi, siku ambayo maelezo yangesomwa na adhabu kutolewa. Dada akasaini kuwa mdhamini, akamleta Bibi barazani na kumkalisha kwenye kiti chake.

Bibi alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. "Nimeungama," akamwambia.

"Umeungama nini, mama yangu?"

"Yote. Sasa nangoja kitubio."

Dada alivua miwani akaipangusa, na nikajua mambo si mazuri, kwa sababu miwani ile huipangusa akitaka kulia au akitaka kupiga mtu. Kitubio alichokingoja Bibi kingeweza kuwa jela. Na hata asingefungwa, Mrithi angetoka pale na karatasi ya serikali inayosema kwamba Bibi ni mhalifu aliyevunja mlango wa watu, na kwa karatasi hiyo chumba kingekuwa kimekwenda, pamoja na kitanda, pasi na miaka kumi na tisa.

"Mama," dada akauliza taratibu, "baada ya 'nimekosa sana' ulisema nini?"

"Nilikuwa bado nasema. Nilitaka kusema nimekosa pa kupitia, nimekosa namna ya kuvipata vitambaa, nimekosa hata wa kumwuliza. Watu wakacheka, nikanyamaza."

Vidole vya dada viliinuka hewani, ingawa hapakuwa na mashine mbele yake. Akainuka akaenda zake ndani, nami nikamfuata hadi mlangoni. Nilimsikia akimbana Karani Besi.

"Nionyeshe ulichoandika."

"Nimeandika alichosema, dada. Kasema nimekosa."

"Na hii nukta kaisema nani?"

Karani akapata kigugumizi. "Nukta… nukta huwekwa tu, mtu akimaliza."

"Hakumaliza. Mlimcheka. 'Nimekosa' ni neno linalongoja mwenzake. Mimi nikisema nimekosa, unajua kama nimefanya dhambi au nimekosa basi? Nukta ni ya msemaji, wewe umeichukua bila ruhusa."

"Dada, kusema kweli," Karani akasema kwa ile sauti yake ya shimoni, "nilikuwa nangoja amalize niitikie. Nilisahau tuko wapi."

Kwa hili nilimsamehe. Dada hakumsamehe mpaka siku ya tatu.

Kazi ngumu haikuwa kwa karani. Ilikuwa kwa Bibi. Jumanne alfajiri dada alimkuta kwenye bomba la nyumbani kwetu, alikokuwa amejihifadhi, akifua kwa nguvu zote. Akamweleza kwamba sheria inaruhusu mtu kubadili jibu kabla ya hukumu, hasa kama jibu lake halikueleweka sawasawa. Angemwandikia barua, naye angesimama Alhamisi aseme kwamba hakubali kosa.

Bibi aliacha kufua. "Mwanangu, kufuli nimelivunja mimi. Hili jeraha la kidole ni ushahidi. Unataka niseme si kweli?"

"Nataka useme kosa hulikubali."

"Maneno ya mawakili hayo. Mbele ya Mungu nimevunja."

Akashikilia hapohapo. Si ukaidi, nilimwelewa. Mwanamke aliyeishi maisha yake yote akipiga kifua hawezi kuanza uzeeni kukitunisha. Dada akaenda kwa paroko, akitumaini msaada. Paroko alimsikiliza huku akitafuta viatu vyake chini ya kabati, akasema yeye mahakamani hafai: "Niliyoyasikia kwa Bibi kwenye kitubio yamefungwa kufuli, na hili halivunjwi na nyundo ya mtu." Lakini alipomsindikiza mlangoni akaongeza jambo moja. "Mwulize tu nani alikuwepo."

Dada alirudi anawaza. Jioni ile, Bibi akiwa anakunja vitambaa kitandani, akamkalia karibu.

"Mama, ulipovunja kufuli, Mungu alikuwepo?"

"Atakosaje?"

"Na hakimu?"

"Hakimu alikuwa kwake."

"Basi. Mungu alikuwepo, aliona Mrithi akifunga, aliona beseni, aliona jasho lako. Kwake neno moja linatosha, mengine anayo. Hakimu ni mtu kama mimi na wewe, hakuona kitu. Ukimpa neno moja umemdanganya, mama, kwa sababu utamwacha aamini kwamba ulivunja kwa ubaya. Shtaka lile lina vitu vitatu ndani yake: kuvunja, makusudi mabaya, na bila haki. Ni kimoja tu chako. Vingine viwili umejitwika vya nani?"

Bibi alikunja kitambaa mara nne, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kumbe nimesema uongo," akasema.

"Umesema nusu."

"Nusu ya kweli hailishi mtu. Andika."

Usiku haukuwa umeingia bado dada akaandika. Nilizisikia nukta zikitoboa.

Nilidhani nimepona. Jumatano saa nne, katikati ya kazi, mashine ilinyamaza. Nikainua macho nikakuta miwani inanitazama.

"Mdogo wangu, nyundo yako iko wapi?"

"Imepotea."

"Imepotea, au imeshikiliwa kama kielelezo?"

Nikaokota jiwe langu nikagonga soli. Akaendelea, bila kupaza sauti, na ingekuwa nafuu angeipaza. "Mafundo mawili, uzi mwekundu. Nimeiona kwenye meza ya karani. Bibi ameulizwa na polisi mara tatu ni ya nani. Mara tatu amekataa kukutaja, mtu asiyejua kusema uongo hata wa kumwokoa yeye mwenyewe. Amekaa mahabusu usiku mzima na jina lako mdomoni, akalimeza."

Nilikuwa naogopa tu. Mimi ni mtu wa maneno mengi na moyo mdogo, na niliogopa kuitwa mshirika wa kosa, niliogopa kizimba, niliogopa watu wote ninaowatania kila siku wanitazame mimi kuanzia chini kwenda juu. Nilimwambia hivyo. Dada alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, jambo ambalo hulifanya mara moja kwa mwaka.

"Baba angesema nini?" akauliza.

"Angesema, huyu kafungwa kwa kujua kusema na kunyamaza."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mashine yake.

Alhamisi niliingia ndani, na barua ikasomwa. Hakimu akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona vitundu, akatabasamu kidogo kama mtu anayeujua mwandiko. Akamwuliza Bibi mwenyewe aseme, na safari hii akamwambia asiharakishe. Bibi alianza kuinua mkono kwenda kifuani. Nikaona dada kwenye benchi la mbele anafumba macho. Mkono ukafika katikati, ukasita, ukashuka ukashika ubao wa kizimba.

"Mheshimiwa, kufuli nimevunja. Kosa sijafanya. Mlango ni wangu, vitu ni vyangu, na aliyefunga hakuwa na barua yako." Akamgeukia karani. "Nukta."

Watu walicheka tena, lakini hiki kilikuwa kicheko cha kwetu. Hakimu naye alicheka, akamwagiza karani aandike kwamba mshtakiwa amekana kosa, na kwamba nukta imesemwa na mwenyewe. Kesi ikapangwa kusikilizwa baada ya wiki mbili.

Siku hiyo ilipofika Mrithi alikuja na viatu vipya vya ncha kali. Nilivitazama nikajua gundi ya soli haifiki mwezi. Alieleza vizuri sana habari za kufuli lake: lilivyokuwa zito, lilivyotoka ng'ambo, lilivyovunjwa bila huruma. Mtu angedhani ni ndugu yake. Bibi, kwa kufundishwa na dada, alipewa nafasi ya kumwuliza maswali, akauliza moja tu.

"Mwanangu, ulipofunga, vitu vilivyokuwa ndani vilikuwa vya nani?"

"Vyako."

"Asante, sina jingine."

Hakimu yeye alikuwa nalo. Akamwuliza Mrithi kama ana amri ya mahakama ya kumtoa mpangaji. Mrithi akasema ana hati ya nyumba. Hakimu akasema hajauliza hiyo. Mrithi akasema marehemu baba yake alimwachia kila kitu. Hakimu akauliza mara ya tatu, polepole, na uso wa Mrithi ukamshuka. Hakuwa nayo.

Kisha wakaita shahidi wa Bibi. Shahidi huyo nilikuwa mimi.

Nilipiga moyo konde nikapanda. Nilikula kiapo nikiwa nimeshika Biblia kwa mkono wenye nta ya uzi, na nilipoulizwa kama naitambua nyundo nilisema ndiyo, ni yangu, na kwamba nilipoulizwa na askari nilikana kwa sababu ya woga. Mwendesha mashtaka aliniuliza kama mshtakiwa alionekana mwenye hasira au nia mbaya alipokuja kuiazima. Nikasema hapana, alikuwa akicheka. Akauliza alikuwa akicheka nini. Nilimtazama dada, dada akatazama dari. Basi nikayasema yote, ya Baba, ya Mwana, na ya Roho aliyekuwa ameshafungua, mbele ya mahakama, paroko akiwa benchi la tatu. Karani Besi aliandika kila neno na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hakimu alijificha nyuma ya jalada kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma ukurasa mmoja.

Hukumu ilikuwa fupi. Mtu anayevunja kifungo kilichowekwa kinyume cha sheria kwenye makazi yake, akiamini kwa dhati kwamba ana haki ya kuingia, hana nia ovu. Bibi yuko huru. Mrithi aondoe kufuli lake la pili kabla ya jua kuzama, na akitaka chumba aje mahakamani kwa mlango, kama watu wengine. Bibi aliposikia "uko huru" alipiga ishara ya msalaba na kumwambia hakimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Mabenchi yote yakaitikia, "Milele, amina," na sauti ya nne ikasikika wazi kutoka meza ya karani.

Mrithi aliondoa kufuli saa kumi na moja. Sisi watatu tulikuwepo kushuhudia. Bibi aliingia, akapangusa picha ya mumewe kwa ncha ya khanga, akachungulia beseni, akasema vumbi limekaa kama kwake. Dada alisimama kizingitini, hakuingia. Alivua miwani akaipangusa, na safari hii hapakuwa na mtu wa kupigwa.

Nyundo yangu nilirudishiwa ikiwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi: *Kielelezo cha kwanza.* Sikukitoa. Wateja wakiuliza nawaambia hii ni nyundo iliyosoma sheria.

Lakini kulikuwa na jambo lililobaki, nalo halikuwa la hakimu. Jumamosi iliyofuata, saa kumi alasiri, nilikwenda kanisani kujipanga kwenye foleni ya kitubio. Sikuwa nimeipanga kwa miaka kumi na mmoja. Mbele yangu alisimama Bibi Sabuni. Alinitazama, akanipisha nitangulie. Nikapiga magoti. Kichwani nilikuwa na neno moja tayari, lile ambalo kila mtu hulisema Jumapili akiwaza chakula cha mchana, na nilitaka kulisema niondoke.

"Nimekosa, Padre," nikasema, na nikasimama hapo.

Halafu nikasema mengine. Nikasema nimemwacha mama wa miaka sabini alale mahabusu kwa ajili ya mpini wenye ngozi yangu. Nikasema nilimwona akipita barazani nikainamia kiatu. Nikasema nimemtania dada yangu miaka ishirini na mmoja na sijawahi kumwambia, hata siku moja, kwamba najua aliacha uwakili kwa ajili ya tumbo langu. Upande wa pili wa wavu paroko akakohoa.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Bado, Padre," nikasema. "Sijaweka nukta."